Sipiyu yangu inavuma kama lori, na vumbi halikomi. Wenzangu wa Uganda mnafanyaje?

SautiYaMpakani (Busia)

Wakubwa, habari za jioni.

Nina kijichumba cha kurekodi hapa Busia, upande wa Uganda, si mbali na barabara ya malori. Kazi yangu ni matangazo yale yanayopigwa kwa spika juu ya bodaboda: shule inafungua muhula, mkutano wa injili, dawa ya mende, fulani amefariki na mazishi ni kesho. Sauti ninayo, maiki ninayo. Adui yangu ni sipiyu, lile sanduku la kompyuta.

Ni mashine ya ofisini ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, RAM 8, hadidiski (diski ya kuhifadhia kazi) ileile iliyokuja nayo. Mwaka wa kwanza ilikuwa kimya hadi nilikuwa naangalia taa yake kujua kama imewaka. Siku hizi nikifungua programu ya kuhariri sauti, dakika tano haziishi inaanza kuvuma, na ule mvumo unaingia wote kwenye maiki. Juzi mteja aliniuliza, "Mlirekodi mvua ikinyesha?" Ilikuwa jua kali.

Nilidhani ni vumbi, nikafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia. Vumbi lilipungua kidogo, kelele zikazidi. Nikaifunika sipiyu kwa shuka wakati wa kurekodi, ikajizima yenyewe katikati ya tangazo la msiba. Familia imekaa pale inanitazama.

Nifanye nini? Pesa ya mashine mpya sina.

GemuTu (Kampala)

Nunua laptopu, maneno yaishe.

SautiYaMpakani (Busia)

Laptopu nayo ina feni, tena kadogo, kanalia kama mbu sikioni. Halafu nimesema pesa sina.

FundiKofia (Kampala)

Mkuu, kwanza hiyo shuka irudishe kitandani.

Sikiliza ilivyo. Lile sanduku tunaloliita sipiyu lina prosesa ndani, ile chipu inayofanya kazi zote. Prosesa inatoa joto. Ya kizazi chako, ile ya kawaida ya mezani, inahesabiwa wati 84. Juu yake kuna hitisinki ya alumini yenye mapezi membamba, na juu ya mapezi kuna feni inayopuliza. Vumbi likikaa kati ya feni na mapezi, hewa haipiti, prosesa inachemka, bodi, lile bamba kubwa linalounganisha kila kitu, inaiamuru feni ikimbie zaidi. Feni ikikimbia zaidi inavuta hewa zaidi, na hewa ya mpakani ni vumbi. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajipunguzia kasi yenyewe, na ikishindwa kabisa mashine inazima. Ndiyo shuka yako hiyo.

Kwa hiyo wewe huna matatizo mawili. Kelele na vumbi vyote vinatoka kwenye joto. Kila ukiziba hewa unaongeza joto, na joto linakurudishia kelele.

Fungua sanduku leo. Chomoa waya ukutani, usizime swichi tu. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Itoe nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, la sivyo utakula udongo wote. Tafuta brashi ya rangi ya inchi moja, mpya na kavu, na bloa ile ndogo ya umeme ya kupulizia. Unapopuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole. Feni inayozungushwa kwa upepo wa bloa inageuka jenereta ndogo, inaweza kurudisha umeme kwenye bodi, na beringi yake inaumia kwa mbio zisizo zake. Watu wanapenda ule mlio wa kuzungusha feni kwa bloa kama watoto. Acheni.

Pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, usiifungue. Ipulizie kupitia matundu yake tu. Kapasita kubwa ya ndani, inayohifadhi umeme, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa.

MzeeSimenti (Tororo)

Ongeza hapo, fundi: asiende kwa kompresa ya wapiga pancha. Mimi nilikwenda. Dukani kwangu nauza simenti, kwa hiyo vumbi langu ni la kijivu na linajua kushika. Kijana akaniambia, "Mzee, dakika moja tu." Ile hewa ikatoka na maji. Tangi la kompresa linakusanya maji ya hewa yenyewe na mafuta ya mashine, na hakuna anayelimwaga chini. Maji na simenti unajua vinakuwa nini. Bodi nyingine niliinunua kwa bei ya mbuzi dume.

SautiYaMpakani (Busia)

Pole, mzee. Nimeogopa tayari, nitatumia bloa ya jirani anayetengeneza simu.

SautiYaMpakani (Busia)

Nimefungua. Wakubwa, sikujua naishi na nini.

Kifuniko kilipotoka, chini ya sanduku kulikuwa na udongo mwekundu ambao ungeweza kupanda sukuma. Juu ya udongo, mabawa ya kumbikumbi, mengi, yamejipanga kama magamba ya samaki. Nadhani ni wale wa mvua za mwezi wa nne, maana taa ya chumba iko juu ya sipiyu.

Lakini kilichonimaliza ni feni ya prosesa. Ina skrubu nne. Nilipoinyanyua, sikuona mapezi. Niliona kitu cha kijivu kama kipande cha blanketi la jeshi. Nikakivuta kwa kucha, kikatoka kizima. Kina umbo la duara la feni, unene wa kitambaa cha koti, na upande wa chini mistari ya mapezi imejichora kama ukucha umepita kwenye ugali. Chini yake alumini inang'aa kama ya juzi. Feni ilikuwa inapuliza blanketi miaka yote hii!

Nimepiga brashi, nimepuliza, nimerudisha. Kabla ya kusafisha nikihariri ilikuwa inafika digrii 93. Sasa 74. Mvumo umeshuka sana, ila haujaisha. Na asubuhi ikiwaka ya kwanza inafanya krrr kama dakika mbili hivi.

MamaUbani (Bombo)

Mwanangu, hongera. Hilo blanketi nalijua.

Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Bombo, barabara ya Gulu. Jirani yangu mkono wa kulia anapika chapati, mkono wa kushoto kuna sigiri ya mahindi ya kuchoma. Vumbi langu lina mafuta. Brashi inalisogeza tu, halitoki. Mimi natumia vijiti vya pamba vya masikio na spiriti, nasugua panga mojamoja. Ile ya asilimia 70 ina maji ndani, kwa hiyo naacha mashine wazi mpaka kesho yake ndipo niwashe. Ukipata ya asilimia 99 ni bora, inakauka upesi.

Sasa nikupe kitu ambacho hakuna fundi aliyenifundisha. Ijumaa huwa nafukiza ubani dukani. Siku moja chetezo kilikuwa chini, karibu na sipiyu, nikaona moshi hauendi kwenye matundu ya mbele ambako nilikuwa nimebandika chujio kwa mikono yangu. Moshi ulipinda, ukaingia kwenye mpasuko wa kisoma CD. Nikasogeza chetezo nyuma: unaingia kwenye pengo ambalo kibati chake kilipotea. Nikasogeza ubavuni: unaingia pale kifuniko hakikai sawa. Chujio langu lilikuwa pambo. Mashine ilikuwa inavuta vumbi kwa kila tundu isipokuwa lile nililolilinda.

Nikamuuliza mwanangu wa chuo, akasema feni yangu ya sanduku ni moja tu, ya nyuma, na inatoa hewa nje. Pawasaplai nayo inatoa nje. Zote zinatoa, basi hewa ya kuingia inajitafutia njia. Tukaweka feni mbele inayoingiza ndani, tukaivalisha chujio, na mapengo yote tukayaziba kwa selotepu ya karatasi. Nikafukiza tena. Safari hii moshi uliingia mbele, na kwenye mpasuko wa CD ukawa unasukumwa nje. Nilicheka peke yangu.

FundiKofia (Kampala)

Mama, shikamoo. Nimekaa na kompyuta tangu enzi za floppy na sijawahi kumwambia mteja afukize ubani, ila kuanzia leo nitamwambia.

Hicho ndicho kitu chenyewe: hewa inayoingizwa kwa feni iwe nyingi kuliko inayotolewa kwa feni. Hapo sanduku linavimba kidogo kwa ndani, na kila ufa unakuwa mlango wa kutokea. Hewa yote inayoingia inapita mahali pamoja, na hapo ndipo unaweka chujio. Ukifanya kinyume chake, hata uwe na chujio la dhahabu, vumbi litapita dirishani.

AruaKiangazi (Arua)

Huku kwetu kuanzia Desemba hadi Machi mvua tunaiona kwenye simu tu. Kuhusu chujio nimejaribu karibu kila kitu.

Neti ya mbu: matundu makubwa, inazuia kumbikumbi na mende basi. Kitenge: kizito, feni inakosa pumzi na joto linapanda palepale. Sponji ya godoro iliyokatwa nyembamba: inafaa, lakini ikizeeka inamung'unyuka na kuingia ndani yenyewe. Iliyonikalia vizuri ni stokingi ya kike, tabaka moja, imevutwa kwenye fremu ya waya. Nina mbili. Kila Jumamosi moja inafuliwa, nyingine inavaliwa. Msiruke wiki wakati wa kiangazi, maana chujio lililoziba ni sawa na ile shuka ya jamaa wa Busia.

Jambo jingine, sipiyu isikae chini sakafuni. Mimi nimeipandisha kwenye stuli, karibu nusu mita. Na kijana wa usafi anyunyize maji kabla ya kufagia, au apige deki. Ufagio mkavu asubuhi moja unarusha vumbi kuliko lililoingia dirishani siku nzima. Nilimwambia mke wangu hivyo, akaniambia basi fagia wewe. Sasa nafagia mimi.

JinjaMtoni (Jinja)

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna wale vijidudu vinavyokuja kama wingu, sami. Wanafuata mwanga. Usiku wakitokea nazima taa ya chumba, nabaki na skrini tu, na sipiyu nimeiweka mbali na skrini. Wakikauka ndani ya hitisinki wananuka samaki mashine ikipata moto.

SautiYaMpakani (Busia)

Mama wa Bombo, sina ubani lakini nimetumia udi wa mbu. Aibu tupu, moshi unaingia kila mahali. Nitafute feni ya mbele. Lakini feni mbili si kelele mbili?

FundiKofia (Kampala)

Hapana, na hapa ndipo wengi wanakosea hesabu.

Feni ya pili ya aina ileile, mbio zilezile, inaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha sauti). Ukipunguza mbio za feni hadi nusu, hewa inashuka nusu, lakini kelele zinashuka kama desibeli 15. Piga hesabu mwenyewe: feni mbili zinazojikokota zinaleta hewa sawa na moja inayokimbia, na sikio halizisikii. Ndiyo maana pia feni ya milimita 120 ni tulivu kuliko ya 80. Ina mapanga marefu, haihitaji mbio.

Tahadhari moja: mashine nyingi za maofisini zina soketi za feni za kwao wenyewe. Ukichomoa feni yao, zinagoma kuwaka na kukuambia ubonyeze F1. Basi usiguse ya kwao. Ongeza ya kwako pembeni. Feni ya kawaida ni ya volti 12. Ukiiunga kwenye umeme wa USB, volti 5, inazunguka polepole mno, na nyingi zinaanza bila shida. Unaweka mkono unahisi upepo, unaweka sikio husikii kitu. Hakikisha tu inaanza yenyewe kila ukiwasha, isiwe mpaka uisukume kwa kidole.

Halafu usitegemee namba za digrii za watu wa Pwani. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, nanyi Busia si mbali na hapo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu.

Ile krrr ya asubuhi ni beringi ya bushi, pale feni inapozungukia, iliyokauka mafuta. Bandua stika ya katikati ya feni, kama kuna kifuniko cha mpira kitoe, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Moja. Futa stika kwa spiriti ndipo urudishe, la sivyo haitashika. Itakupa miezi kadhaa, huku unatafuta feni nyingine.

GemuTu (Kampala)

Mimi niliweka mafuta ya kupikia, ilinyamaza wiki nzima.

FundiKofia (Kampala)

Na wiki ya pili?

GemuTu (Kampala)

Ikawa gundi.

SautiYaMpakani (Busia)

Hahaha. Na ile pesti ya kati ya prosesa na hitisinki? Kuna kijana hapa anasema dawa ya meno inafanya kazi.

FundiKofia (Kampala)

Inafanya, siku chache, mpaka maji yake yakauke. Baada ya hapo una chokaa juu ya prosesa. Kama hukuinua hitisinki, pesti usiiguse. Ukiinua, hata kidogo, futa ya zamani yote na uweke mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, hitisinki yenyewe itaitandaza. Ya kwako kwa umri huo ibadilishe. Digrii 74 inaweza kushuka zaidi.

MzeeSimenti (Tororo)

Nina swali kwa kijana wa Busia. Huo mvumo uliobaki, una uhakika ni feni? Weka kiganja juu ya meza.

SautiYaMpakani (Busia)

Mzee, umenishika. Meza inatetemeka.

MzeeSimenti (Tororo)

Basi ni hadidiski. Inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, ule mlio mzito unaoingia kwenye mbao. Meza yako ndiyo spika. Nenda kwa fundi baiskeli akupe kipande cha tyubu kuukuu, kata vipande vinne, weka chini ya pembe za sanduku. Ndani, weka vingine vidogo kati ya hadidiski na kibati chake, skrubu usizikaze hadi mwisho. Ukipata pesa, weka SSD, diski ya chipu tupu. Hiyo haina kinachozunguka.

SautiYaMpakani (Busia)

Nimerudi baada ya wiki tatu, naona uzi huu wa mazungumzo yetu bado uko hai.

Nimefanya hivi. Feni ya 120 mbele, imeungwa kwenye USB, imevaa stokingi. Mke wangu aliniuliza stokingi ni ya nani, nikamwonyesha uzi huu. Mapengo nimeyaziba, nikapima kwa udi wa mbu, moshi unatoka nje kwenye ufa wa CD kama mama alivyosema. Pesti mpya. Tyubu chini. SSD bado. Nikihariri sasa ni digrii 66, na feni ya prosesa haipandi tena.

Bado maiki ilikuwa inanasa kitu, kidogo sana, ukivaa hedifoni. Nikageuza maiki. Ni ile ya kunasa upande mmoja, na mimi miaka yote nilikuwa naketi na sipiyu nyuma yangu, yaani maiki inanitazama mimi na inaitazama sipiyu. Nikabadilisha upande wa meza, sipiyu ikawa mgongoni mwa maiki. Hilo halikunigharimu hata shilingi mia na lilisaidia karibu kama feni.

Mwisho nikaamua nitoboe ukuta. Upande wa pili kuna stoo ya mama mkwe, magunia ya mukene (dagaa). Sipiyu sasa inakaa huko, juu ya stuli, na huku kwangu zimebaki nyaya tu. HDMI, waya wa skrini, ya mita 5 haina tabu. USB nilinunua ya mita 10 ya kawaida, maiki ikawa inakatikakatika, kumbe waya wa kawaida wa USB haufai kupita mita 5. Nikasogeza meza karibu na ukuta, nikatumia ya mita 3.

Jana nimerekodi tangazo la harusi. Nilipolisikiliza nikasikia kitu kinagonga kwa mbali. Ilikuwa saa ya ukutani.

AruaKiangazi (Arua)

Hongera, ndugu. Ila mukene na sipiyu chumba kimoja? Vumbi la samaki lina chumvi na mafuta. Hiyo stokingi ifue mara mbili kwa wiki. Na lile tundu la ukutani umeliziba? Panya akifuata harufu atakula nyaya kwanza.

SautiYaMpakani (Busia)

Tundu ni inchi mbili. Nimejaza sponji, nikazungushia waya wa kuku upande wa stoo. Panya bado hajaja. Mjusi kafiri amekuja, amekaa juu ya pawasaplai kwenye joto, ananiangalia.

FundiKofia (Kampala)

Mtoe huyo leo leo, na matundu ya nyuma ya pawasaplai yawekee neti ya dirisha. Akiingia mle ndani ataunganisha asichopaswa kuunganisha, na utakuwa umepoteza mjusi na pawasaplai pamoja.

SautiYaMpakani (Busia)

Naenda na ufagio. Umeme umekatika hapa, nitaleta picha ukirudi.